Chester Arthur: Alipanda kwa kujuana, akatia sahihi sheria ya mtihani

Wewe uliyetuma maombi ya kazi hadi vidole vikachoka, halafu ukasikia nafasi ilienda kwa binamu ya mkubwa fulani, leo nina stori yako. Haikutokea hapa Nairobi. Ilitokea Marekani, miaka ya 1880, na mhusika mkuu si yule aliyenyimwa kazi. Ni yule mkubwa mwenyewe, aliyekuwa akizigawa.

Anaitwa Chester Alan Arthur, rais wa 21 wa Marekani. Najua. Ukiambiwa utaje marais wa kule utaanza na Lincoln, urukie Kennedy, umalize na Obama na Trump. Huyu jamaa wa ndevu za mashavuni utampita bila hata kumsalimia.

Nimemchagua kwa sababu moja. Ukifungua simu siku hizi unakuta Wamarekani wamekatika mirengo miwili isiyopikika chungu kimoja. Tafiti za shirika la Pew za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye anayeamini serikali ya Washington hufanya lililo sawa mara nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa karibu watatu kati ya wanne. Kila mtu anauliza imani hiyo itarudi vipi, na majibu mengi ni ya mahubiri: tupendane, tusikizane, tuheshimiane. Poa. Lakini enzi za Arthur siasa zilichacha hadi rais akapigwa risasi, na kilichosaidia hakikuwa mahubiri. Kilikuwa sheria, tena iliyotiwa sahihi na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Alizaliwa Oktoba 5, 1829, mjini Fairfield, jimbo la Vermont, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Canada. Babake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti aliyetoka Ireland, mzee mkali aliyekemea utumwa mimbarani hadi baadhi ya waumini wakamchoka. Familia ikawa ya kuhamahama, leo kanisa hili, kesho lile. Kijana akasoma Union College akamaliza 1848, akafundisha shule kidogo, akasomea sheria, kisha akaingia New York City kusaka maisha kama vijana wote.

Hapo mwanzoni utampenda tu. Mwaka 1854 mwalimu mmoja mweusi, Elizabeth Jennings, alitupwa nje ya gari la abiria lililovutwa na farasi jijini humo, akiwa njiani kwenda kanisani. Hii ni miaka 101 kabla ya kisa cha Rosa Parks kule Alabama. Kesi ilimwangukia Arthur, wakili mchanga ambaye hata miaka 26 hakuwa amefikisha. Mwaka 1855 akaishinda. Jennings akapewa fidia ya dola 225, na kampuni ile ikaambiwa abiria mweusi ana haki ya kupanda kama mwingine yeyote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861, Arthur akapewa kazi ya kusimamia vifaa vya wanajeshi wa jimbo la New York: chakula, mahema, sare, mahali pa kulala. Kazi ya namna hiyo huwa na tenda nyingi na vishawishi vingi, lakini aliimaliza bila doa. Kumbuka hilo, kwa sababu huyu si mtu aliyezaliwa mwizi. Ni mtu aliyekuwa na kichwa, akajua kupanga mambo, halafu akagundua soko la akili yake liko chamani.

Bosi wake kisiasa alikuwa Roscoe Conkling, seneta wa New York, jamaa wa maringo na ulimi mkali, aliyeshika chama cha Republican jimboni kama duka lake. Mwaka 1871 Rais Ulysses Grant akamteua Arthur kuwa mkuu wa forodha katika bandari ya New York. Ukisikia forodha usidhani ni kazi ya kupiga mihuri. Marekani haikuwa ikitoza ushuru wa mapato kama leo, kwa hivyo serikali ilitegemea sana ushuru wa bidhaa zinazotoka ng'ambo, na zaidi ya nusu ya ushuru huo ulipitia bandari hiyo moja. Ofisi yake ilikuwa na wafanyakazi wapatao 1,000. Huyo ndiye mtu ambaye kila kijana asiye na kazi New York angetaka namba yake, kama namba zingekuwapo.

Na kazi zilitolewaje? Ulikuwa unahitaji mtu. Diwani, mwenyekiti wa tawi, yeyote wa mrengo wa Conkling akutaje. Ukishaingia, sehemu ya mshahara wako inarudi kwa chama kila msimu wa kampeni, na wanaiita mchango wa hiari. Hiari ya nani, bana? Ukikataa, kesho kuna mwingine kwenye kiti chako. Siku ya uchaguzi unatoka kutafuta kura. Upinzani ukishinda, mnafagiliwa nyote, wanakuja wao.

Arthur mwenyewe aliishi vizuri. Hadi 1874, maafisa wa forodha walikuwa wakigawana sehemu ya faini walizotoza wafanyabiashara, na kuna miaka ambayo mapato yake yalizidi dola 50,000, kiasi cha kutoshana na mshahara wa rais wa nchi. Alivaa kama mfalme. Inasimuliwa kwamba kazini alifika mchana na usiku akakesha na wanasiasa, sigara na divai mezani. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba alitia pesa za umma mfukoni mwake. Hakuhitaji. Mfumo wenyewe ulimlisha.

Sasa, hapa ndipo nataka usome polepole, maana ndiyo nyama ya stori. Watu hupenda kueleza mgawanyiko wa kisiasa kama jambo la moyo: hawa wanachukia wale. Lakini tazama kulikuwa na nini mezani. Kama kazi za serikali ni nyara za mshindi, basi kushindwa uchaguzi si kushindwa hoja. Ni kodi ya nyumba yako, ni unga wa watoto wako. Mtu wa hivyo utamwambiaje akubali matokeo kwa ustaarabu? Atapiga kelele, ataiba kura akiweza, na atamwona jirani wa chama kingine kama mtu anayetaka kumtoa chakula mdomoni. Na kusema kweli, hatakuwa amekosea sana.

Ndiyo maana uchaguzi wa 1876 ulikaribia kuipasua nchi upya, miaka 11 tu baada ya vita. Samuel Tilden wa Democratic alipata kura nyingi za wananchi, lakini matokeo ya majimbo kadhaa yakabishaniwa. Ikaundwa tume ya watu 15, ikaamua 8 kwa 7 kila mara, na Rutherford Hayes wa Republican akaingia Ikulu kwa kura 185 za wajumbe dhidi ya 184. Nusu ya nchi ikamwona mwizi hadi siku aliyotoka. Hayes, labda kwa kutaka kujisafisha, akaanzisha uchunguzi kwenye forodha ya New York, na mwaka 1878 akamtimua Arthur. Conkling hakumsamehe kamwe.

Kufikia 1880, chama cha Republican chenyewe kilikuwa vipande viwili. Kulikuwa na Stalwarts wa Conkling na Half-Breeds wa James Blaine. Ukiuliza walitofautiana sera gani, utapata jibu jembamba sana. Ugomvi mkubwa ulikuwa nani atagawa kazi. Kwenye mkutano wa chama Chicago walipiga kura raundi 36 kabla ya kukubaliana na mtu ambaye hakuwa hata mgombea alipofika, James Garfield wa Ohio. Ili kuwatuliza watu wa Conkling, wakaombwa watoe mgombea-mwenza. Wakamgusa Arthur. Conkling akamwambia akatae. Arthur, kwa mara ya kwanza maishani, akamkatalia bosi.

Jamaa hakuwa amewahi kuchaguliwa na mwananchi hata mmoja kwa cheo chochote. Na mwaka huo alikuwa na jeraha lingine. Mkewe, Ellen, alikufa Januari kwa nimonia, akiwa na miaka 42. Arthur alikuwa mbali, Albany, kwa shughuli za siasa, na aliporudi mkewe hakuwa tena na fahamu. Baadaye akiwa rais alitoa dirisha la vioo vya rangi kwenye kanisa lililo karibu na Ikulu kwa kumbukumbu yake, akaomba liwekwe upande ambao angeweza kuliona usiku akiwa nyumbani.

Garfield na Arthur walishinda. Kati ya kura takriban milioni 9, tofauti ya kura za wananchi haikufika 10,000. Nchi ilikuwa imegawanyika kama embe lililokatwa katikati.

Kisha Garfield akafanya kosa au ushujaa, uamue mwenyewe: akateua adui wa Conkling kuwa mkuu wa forodha New York, kile kiti kilekile. Conkling akajiuzulu Seneti kwa hasira Mei 1881, akidhani bunge la jimbo litamrudisha kwa kishindo. Na makamu wa rais wa nchi alifanya nini? Alipanda hadi Albany kumpigia debe Conkling, dhidi ya rais wake mwenyewe. Magazeti yalimchora kama tarishi wa bosi, na sioni walimwonea wapi.

Julai 2, 1881, kwenye kituo cha reli Washington, mtu anayeitwa Charles Guiteau akampiga Garfield risasi mbili. Huyu Guiteau unamjua, hata kama hujawahi kusikia jina lake. Ni yule kijana wa kampeni anayeamini alimshindisha mgombea. Alikuwa ameandika hotuba moja ambayo karibu hakuna aliyeisikia, na kwa hiyo akaona anastahili ubalozi mdogo Paris. Alizunguka ofisi Washington kwa miezi, akingoja, akiandika barua, akifukuzwa. Akili yake haikuwa sawa, hilo liko wazi. Lakini wazo kwamba kura inalipwa kwa kazi hakulitunga yeye. Alipokamatwa akajitangaza kuwa Stalwart, na kwamba sasa Arthur ndiye rais.

Jiweke kwenye viatu vya Arthur. Muuaji ametaja jina lako. Wiki moja iliyopita ulikuwa Albany ukimpinga mtu anayekata roho. Kuna wananchi wanaonong'ona kwamba ulijua. Nchi nzima inasali Garfield apone, na nusu ya sala hiyo ni kwa sababu mbadala ni wewe.

Garfield alikaa kitandani siku 79. Madaktari walimchokora kidonda kwa vidole visivyooshwa wakitafuta risasi, na leo wengi wanakubali ndio waliommaliza. Muda huo wote Arthur alikataa kushika hatamu, ingawa nchi haikuwa na kiongozi anayeweza kufanya kazi. Alijifungia nyumbani kwake Lexington Avenue, New York, akionekana mara chache, macho mekundu.

Mwishoni mwa Agosti akapokea barua kutoka kwa mwanamke asiyemjua. Julia Sand, miaka 31, mgonjwa asiyetoka nyumbani sana, mkazi wa New York, hana cheo, hana chama, hata kura hana maana wanawake hawakuwa wakipiga. Alimwambia ukweli ambao wandani hawangethubutu: kwamba watu wanaomboleza si kwa ajili ya Garfield tu bali kwa kuwa yeye ndiye anayefuata. Kisha akamwambia kwamba hajachelewa kubadilika, na kwamba hali kama hii ndiyo hufichua kama ndani ya mtu kuna chochote kizuri. Hakumtukana. Hakumbembeleza pia.

Garfield akafa Septemba 19. Usiku huohuo, saa nane kuelekea saa tisa, Arthur akaapishwa sebuleni mwake.

Conkling alikuja Washington muda si mrefu, akitaka jambo moja: yule mkuu wa forodha atolewe. Kila mtu alijua litafanyika. Arthur akakataa. Aliona hawezi kufuta uteuzi ambao mtangulizi wake aliupigania hadi kaburini. Conkling akaondoka akifoka, na urafiki wa miaka ukaishia hapo. Arthur alijaribu kumpoza kwa kumteua jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1882. Seneti ikamwidhinisha, na Conkling akaikataa kazi yenyewe.

Desemba 1881, kwenye ujumbe wake wa kwanza kwa Congress, yule gwiji wa kugawa kazi akaandika kuunga mkono mageuzi ya utumishi wa umma. Alikuwa na wasiwasi kuhusu mitihani, na akausema wazi, lakini akaahidi kwamba bunge likipitisha sheria ataitekeleza. Wabunge wakasinzia nayo mwaka mzima. Kilichowaamsha ni uchaguzi wa Novemba 1882. Wananchi waliwaadhibu Republican vibaya, Democratic wakatwaa Baraza la Wawakilishi, na ghafla Republican wakaona faida ya sheria inayozuia watu kufutwa kazi kwa sababu ya chama. Usicheke. Ndivyo mageuzi mengi hupita: wema kidogo, woga mwingi.

Mswada uliongozwa na George Pendleton, seneta wa Democratic kutoka Ohio, yaani mtu wa ng'ambo ya pili. Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 155 dhidi ya 47. Arthur akautia sahihi Januari 16, 1883. Ulisema hivi: baadhi ya kazi za serikali kuu zitatolewa kwa mtihani ulio wazi kwa wote. Mfanyakazi asilazimishwe kuchangia chama, na asifutwe akikataa. Kutakuwa na tume ya watu 3 kusimamia, na wasizidi 2 kutoka chama kimoja. Hicho kipengele cha mwisho ndicho ninachokipenda zaidi, maana hakiombi wanasiasa wawe malaika. Kinawaweka chumba kimoja wachungane.

Mwanzoni ilihusu karibu kazi 1 kati ya 10 tu. Ndogo, eh? Lakini sheria ilimpa rais ruhusa ya kuongeza orodha, na marais waliokuwa wakiondoka wakagundua ujanja: walinde watu wao kwa kuziingiza nafasi zao humo. Kwa tamaa hiyohiyo ya kisiasa, orodha ikakua miaka nenda miaka rudi. Na Arthur angeweza kuiua ikiwa changa kwa kuteua tume ya vibaraka. Badala yake akamweka Dorman Eaton, mmoja wa wanamageuzi waliousaidia mswada wenyewe kuandikwa, kuwa kiongozi wake.

Usinielewe vibaya, simpi utakatifu. Mwaka 1882 alikataa sheria ya kuwazuia vibarua Wachina kuingia nchini kwa miaka 20, kisha akasaini ya miaka 10, na ubaguzi huo ukadumu hadi 1943. Aliwashtaki wakubwa waliofuja pesa za njia za posta, na vigogo wakaachiliwa na baraza la mahakama. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ilipoibomoa sheria ya haki za weusi ya 1875, yule wakili wa Elizabeth Jennings alisema ataunga mkono sheria mpya. Congress haikumletea hata moja, naye hakuipigania kwa nguvu.

Tena alikuwa mgonjwa. Tangu 1882 alijua figo zake zinakufa, akanyamaza. Mwaka 1884 chama kikampita, kikamteua Blaine. Wanamageuzi hawakumwamini kabisa, na wale wa zamani aliowafungia mlango hawakuwa na sababu ya kumtetea. Blaine akashindwa na Grover Cleveland wa Democratic.

Na mabishano bado yapo. Oktoba 2020 Donald Trump alitoa amri iliyopewa jina Schedule F, ya kurahisisha kufuta maelfu ya watumishi wa serikali wenye kazi za sera. Joe Biden akaifuta Januari 2021, Trump akairudisha Januari 2025. Wanaoiunga mkono wanasema rais aliyechaguliwa lazima atiiwe na ofisi zake, na hoja hiyo si ya kijinga. Wanaoipinga wanaona forodha ya New York inafunguliwa tena. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu rahisi: nikishindwa uchaguzi nataka karani anayeshughulikia pensheni ya mamangu asijue nilipigia nani kura.

Arthur alikufa New York Novemba 18, 1886, akiwa na miaka 57. Muda mfupi kabla ya hapo aliagiza karatasi zake zichomwe, na mapipa ya miaka ile ya forodha yakawa majivu. Lakini barua za Julia Sand, 23 kwa jumla, hazikuchomwa. Alikuwa ameendelea kumwandikia hadi 1883, akimsifu akifanya vyema na kumkaripia akilegea. Arthur hakuwa mtu wa kujibu barua. Ila jioni moja ya Agosti 1882, gari la rais lilisimama nje ya nyumba ya kina Sand bila taarifa, akashuka, akaingia, akakaa karibu saa nzima akipiga stori na mgonjwa.